Wa Nne Huchelewa

Kotka, Januari, saa kumi kasoro na giza limeshashika mji.
Kiwanda cha karatasi kinapumua harufu yake ya mayai viza.
Mjomba Taisto amepanga kompyuta tano mezani:
mbili zake, moja ya jirani aliyehama,
moja niliyomwachia nilipokwenda chuoni,
na ya tano haiwaki mpaka ipigwe kofi.

Kibodi tano zimepangwa kama meno,
na juu yake ufito wa mbetula
alioupiga randa mwenyewe, akautoboa, akautia vijiti
vyenye vifutio vya penseli nchani,
vidole vya mbao viguse, visikwaruze.
Akiubonyeza, vitufe vitano hulia tak
na kule ndani, kwenye theluji nyingine,
mashujaa watano huinuka.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Cha mjomba kilivunja majoka.

Nilicheka. Mimi programu ndiyo ugali wangu.
Nikamwandikia mistari arobaini kwa jioni moja.
"Kompyuta moja inatosha, mjomba. Madirisha matano.
Wewe amuru mara moja, programu itawagawia wote,
bila gundi, bila msumari, bila kofi."
Akakaa. Akabonyeza.
Watano wakaruka pamoja,
pamoja mno:
buti kumi zikaacha ardhi kwa pumzi moja
zikatua kwa pumzi moja,
mtu mmoja aliyesimama kati ya vioo.
Akabonyeza tena. Akavua miwani.
"Hawa wamekufa," akasema.

Nikamtolea tarakimu. Sekunde tulizookoa,
umeme tuliookoa, nafasi mezani.
Nikamwambia ufito wako umepinda, mjomba,
mvuke wa sauna umeuingia upande wa kulia,
kibodi ya nne inaguswa wenzake wameshamaliza.
"Najua," akasema. "Hiyo ni ya Raija."

Zamani walikuwa watano kweli.
Ijumaa usiku, simu zimezimwa,
Taisto mbele na ngao, Urho na upinde,
mapacha wa Lehtinen wakirusha moto hovyo hovyo,
na mkaza mjomba Raija, mganga wao,
siku zote nyuma kwa hatua moja
kwa sababu alikuwa anageuza samaki jikoni,
anarudi mbio, unga hadi kwenye viwiko,
"Nipo, nipo, msife kwanza!"

Mapacha walihamia Uswidi. Urho aliuza kompyuta, akanunua mashua.
Raija, ule Machi ambao barafu ilikataa kuyeyuka.
Nywila zao zote bado zimebandikwa ukutani
kwa mwandiko wake, herufi zilizolala upande
kama nyasi zilizopitiwa.

Mwezi wa pili wenye mchezo wakatoa tangazo:
ni marufuku programu kugawa amri,
atakayekamatwa atafungiwa milango.
Mbao hazikutajwa. Nani angewaza mbao?
Mjomba hakunicheka. Alinimiminia kahawa,
akanisogezea mkate wa shayiri,
akauliza kama ile mistari arobaini
inaweza kufundishwa kuchelewa.

Inaweza. Ni mstari mmoja tu wa nyongeza.
Nilijua hata tarakimu ya kuweka.
Niliiandika kichwani njiani kote nikirudi,
basi likiteleza kwenye barafu,
na kila nilipoisoma ilikuwa sahihi
na kila nilipoisoma niliona haya.

Jumapili akaniachia kiti.
"Bonyeza taratibu, usiuonee."
Mbetula ilikuwa na joto la mkono wake.
Nikabonyeza.
Ngao ikaruka, upinde, moto,
hata ya tano, ile ya kofi, ikaruka,

na mahali pa wa nne
pakawa na kimya kidogo, kipana kiasi cha sufuria,
mjomba akanyoosha shingo kuelekea jikoni,

kisha akaruka.