Hesabu ya Penseli

Inauzwa huko Ndosho, juu ya jiwe jeusi
ambalo lilikuwa moto kabla halijawa kiwanja:
vyumba viwili, mbao za mkaratusi,
mabati kumi na manne, moja lina kiraka cha lami.
Dola mia saba themanini, asema Fostini,
komisyonere wa simu tatu,
viatu vyake vyeupe katika mtaa huu wa majivu.

Napitisha mkono ukutani.
Kidole kinajua kabla ya jicho:
misumari imelalia kushoto, yote, kama nyasi baada ya upepo.
Katika Ndosho nzima ni mkono mmoja unaopiga hivyo.
Bibi aliuchapa kwa mwiko nikiwa mdogo,
haukubadilika.

Nyumba hii niliijenga mimi.

Siku sita, msimu wa mvua, kwa mwalimu Kasereka.
Mwalimu alimuuzia muuza petroli, akaongeza komeo.
Wa petroli akamuuzia askari,
akaongeza rangi ya bluu, upande wa barabara tu.
Askari akahamishwa. Akamuuzia Mama Nzigire,
na Mama Nzigire ameongeza nini?
Moshi. Miaka minne ya maharage na makala
imeingia kwenye mbao, haitoki hata kwa randa.

Kila mkono umeacha kitu kidogo
na kuondoka na kikubwa.

Nyuma ya mlango wa chumba cha pili
nainama, natafuta, na ipo bado, mwandiko wangu:
*mbao 160, bati 84, misumari 12, fundi 40.*
*Jumla 296.*
Na kando, kwa herufi ndogo za mtu mwenye aibu:
*fundi bado 10.*

Namwita Fostini aone. Anasoma polepole,
kama mtu anayesoma kaburi la asiye ndugu yake.
"Hiyo ni bei ya mbao," asema.
"Mimi nauza ukuta uliosimama.
Wewe seremala, niambie: mbao zimelala, unalala wapi?"

Nikakosa la kusema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo,
kwamba lilikuwa jibu zuri.

Nje, Mama Nzigire anafunga sufuria kwa kitenge,
kesho anapanda boti la Bukavu.
Namuuliza chini chini: wewe ulitaka ngapi?
"Miye nilimwambia mia tano," asema,
haangalii upande wa viatu vyeupe.
"Zingine zinatoka kwa mdomo wake."

Basi tumalizane sisi wawili?
Anacheka bila meno kuonekana.
Karatasi anayo Fostini. Sahihi ya mwenye kiwanja
iko mfukoni mwa Fostini.
Bila sahihi nyumba hii ni kuni,
na kuni haziulizwi zinataka kwenda wapi.

Tukavutana mpaka jua likahama ukuta.
Mia sita tisini. Na sitini za mwenye kiwanja,
kwa kuwa miguu ya nyumba yangu
imekanyaga jiwe lake.
Nahesabu noti juu ya chukudu iliyolazwa.
Moja imechanika pembe, ufa wa ukucha;
Fostini anaishika kwenye mwanga, anairudisha.
"Hii imekufa."
Mke wangu, Kahambu, anafungua fundo la kanga,
anatoa iliyo hai, bila neno.
Neno lilikuja usiku.

Usiku huo, mgeni ndani ya kazi yangu,
nilisikia msumari mmoja unalia kwa upepo wa ziwani
nikajua ni upi.
Nikawasha tochi ya simu, nikachonga penseli kwa kisu,
nikaandika chini ya ile ya zamani:

*nyumba 690. kiwanja 60.*
*Jumla 750.*
*Toa 10, deni la fundi.*

Kahambu akasoma juu ya bega langu.
"Toa," akasema. "Nani atoe?"