Tano Nukta Nane

Saa kumi alfajiri, Durazno imejifunika ukungu,
mimi nishavaa buti nyeupe, aproni ya mpira,
na visu viwili: kimoja kinakata,
kingine kinaoga maji ya nyuzi themanini na mbili
kikingoja zamu.

Naitwa Nélida Etcheverry. Kwenye mstari huniita Daktari.
Wakinikasirikia huniita Muhuri.

Ng'ombe huja kwangu kichwa chini, kesha vuliwa ngozi.
Nina sekunde arobaini naye.
Napasua tezi za shavu, nabonyeza mapafu,
nalikunjua ini kama barua nisiyotaka kuisoma,
natafuta minyoo bapa, jipu la sindano,
lolote ambalo mnyama hakuwa na mdomo wa kulisema.
Reli inanguruma. Anakuja mwingine.
Usiku mkono wangu wa kulia hufa ganzi
na Wilmar huukanda bila kuuliza.

Juzi lori la Olascoaga lilikwama.
Mto Yí umefurika, daraja limefungwa,
ng'ombe thelathini na wanane wakasimama mvuani hadi kukucha,
wakigongana pembe.
Walichinjwa. Siku ya pili, chumba cha baridi,
nikachomeka kipimo kwenye sarara ya kwanza:
sita nukta moja.
Ya pili: sita nukta tatu.
Nyama nyeusi kama zambarau iliyoiva, inanata kidoleni.
Mkataba unataka isizidi tano nukta nane.

Meneja Bidegain akaja, koti begani.
"Kontena limelipiwa. Meli haingoji mtu.
Nukta tatu, Daktari! Nukta tatu ni nini?"

Nukta tatu ni mto, nikamwambia.
Ni usiku kucha wa kusimama.
Woga hauna safu yake kwenye cheti,
lakini huila sukari ya msuli mpaka chembe ya mwisho,
na nyama ikakosa cha kuchachua.

Akakitazama kipimo kama mtu aliyesutwa na mtoto.
Nikaandika:
thelathini na wanane, hawavuki bahari.

Wanaovuka wana wino wangu pajani.
Watasomwa Rotterdam na mtu nisiyemjua,
naye ana kisu, naye pengine ana ganzi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
mgeni wetu hakuja, alituma orodha.

Na wale wa mtoni?
Hawakuwa na ugonjwa. Nilisema hivyo, nikatia saini hivyo.
Wakauzwa hapahapa.

Jumapili mama aliwasha kuni uani,
akageuza nyama, akageuza tena,
ikakataa kubadilika rangi.
"Nimeipata rahisi buchani kwa Techera," akasema,
"na laini ajabu! Kula, mbona unaiangalia
kama uko kazini?"

Niliujua weusi ule.
Nikatia chumvi. Nikala.
Ilikuwa tamu,
na hilo sijui niliandike safu gani.