Samaki wa Jakaranda

Mti uliangukia Barabara ya Ngong, mvua ya Novemba,
kaunti wakaukatakata, Kyengo akanunua magunia mawili ya vipande.
Ndipo samaki hawa walipoanzia.
Yeye huwachonga, Nekoye huwapaka rangi,
mimi nafunga ndoano.

Siku ya kwanza nilidhani ni kazi ya vidole.
Ni kazi ya sikio. Pete ikikaa sawasawa kwenye kitanzi
hutoa mlio mdogo, ka,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Isipolia usijidanganye. Fungua tena.

Ndoano nene hainyooki, ila humlemea samaki:
atapita majini kama mlevi anayebebwa,
hachezi, hatikisi mkia.
Nyembamba humwacha acheze,
lakini samoni wa kilo kumi na tano, wanatuandikia wenye mto,
huinyoosha ikabaki sindano.
Kati ya hizo mbili ndipo ninapopatia unga.

Ya tumboni isiifikie ya mkiani.
Zikikumbatiana zitasafiri hivyo hivyo siku nzima,
na mwenye fimbo atarudi nyumbani kumnunia mkewe.
Napima nafasi kwa njiti ya kiberiti.
Makali napima kwa ukucha: ikiteleza, kwenye tupa;
ikiuma na kuganda, inatosha.
Kucha zangu zimechorwa mistari kama daftari la hesabu.
Mama mkwe ameniuliza kama ni ugonjwa.

Tunawajaribu kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu,
hapa Kariobangi, nyuma ya wachomelea mageti.
Maji ni ya mtungi, shilingi ishirini, kiangazi hamsini,
kwa hiyo hatuyamwagi; yamekuwa kijani,
na vumbi la chuma limetanda juu kama utando wa chai.
Nakokota uzi. Akivutia kulia,
napinda kitanzi cha puani kushoto,
kidogo, kiasi cha kushusha pumzi.

Mara moja Kyengo alimrusha mmoja Mto Nairobi.
Tulicheka sana.
Akavua soksi, ya mtoto, bado ina rangi.
Aliitoa kwenye ndoano taratibu, akaianika wayani,
ikaning'inia pale wiki nzima.
Hakuna aliyekuja kuiulizia.

Julai ikaja barua. Kwenye mto ule wa mbali
ndoano za meno matatu zimepigwa marufuku:
moja tu, tumboni, tena isiyo na kijino cha nyuma.
Samaki mia nane na sitini walikuwa tayari kwenye makatoni.
Nekoye alitukana kwa Kibukusu, kisha akanipa koleo.

Siku ya tatu Barasa, kijana wa mbao,
alishika katoni vibaya.
Meno mawili hewani, la tatu ndani ya dole gumba.
Ukivuta nyuma, kijino kinachimba.
Ilibidi niisukume mbele, itokeze ngozi upande wa pili,
nikate kijino kwa koleo lile lile,
ndipo ikakubali kurudi njia iliyoingilia.
Hakulia. Aliitazama ile chembe ya chuma sakafuni,
ndogo kuliko punje ya mtama, akasema,
"Kumbe hii ndiyo inayokataa."

Tangu hapo, nikibana kijino hadi kilale,
napitisha kidole mara mbili.
Silipwi kwa mara ya pili.

Samoni, mimi sikujui.
Nimekuona kwenye kibandiko cha katoni tu, umeruka,
mdomo wazi, kama mwenye deni aliyemwona anayemdai.
Sijui baridi ya maji yako, wala unakokimbilia.
Sikuombei kuponyoka; karo ya Kasyoka inatoka kinywani mwako.
Ila ukiponyoka, uponyoke mzima.

Wamebaki arobaini na mmoja. Stima imepotea,
wachomelea mageti wamenyamaza,
Kyengo anatafuta mshumaa na haupati.
Naendelea gizani.
Ka.
Ka.
Huyu hajalia. Nafungua tena.