Pa Kushika

Nimekichana, nimekiosha, nimekipaka rangi kichwa cha Nevena
miaka kumi na mmoja, kila Alhamisi ya pili ya mwezi,
hapa Kazanlaki, mtaa wa nyuma ya stesheni.
Nakijua kuliko daktari wake.
Kovu la kwanza, nyuma ya sikio la kushoto,
aliniambia ni kabati.
La pili, ngazi.
La tatu hakuniambia, nami sikuuliza.
Nilipunguza maji ya moto, basi.

Mumewe, Ognyani, ni msimamizi kiwandani
wanakokamua mafuta ya waridi.
Mwezi wa Mei mji mzima hunukia kama yeye.
Ndiye aliyenitengenezea boila bure, baridi ya mwaka juzi,
akakataa hata kahawa.
Ndiye anayembeba mgongoni bibi kipofu wa ghorofa ya nne
lifti ikiharibika.
Ungesema nini, na ungemwambia nani?
Sajini wa kituo hucheza naye karata.
Nyumba ni ya mama mkwe, na mama mkwe anasikia vizuri tu:
huongeza sauti ya televisheni.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Mimi niliingia mpaka ndani, nikala mkate wa jibini mezani pao,
nikaona mapazia yamepigwa pasi,
vikombe sita, kimoja kimeungwa kwa gundi,
nikatoka nikisema: nyumba njema.

Machi iliyopita alikuja na ule uzi tunaofungana,
mwekundu na mweupe, wa kungojea korongo wa kwanza.
Chini ya uzi, vidole vinne vya zambarau
na cha tano upande wa pili.
Akaona nimeona.
Akavuta mkono wa sweta, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Akishatulia hulia," aliniambia, akisema na kioo.
"Hunipigia magoti. Hunikanda kwa mafuta yaleyale.
Radosti ana mtihani Juni.
Na nikisema, Stanka, wewe utalisikia neno, utakwenda kulala.
Mimi nitarudi nalo nyumbani."

Kimya chake kilikuwa na hesabu:
siku ngapi mpaka Juni,
leva ngapi ndani ya boksi la sabuni ya unga,
hatua ngapi kutoka kitandani hadi mlangoni
bila kukanyaga ubao unaolia.
Na changu?
Changu kilikuwa boila.

Mwezi huu Alhamisi yake ilikuja Jumanne.
Hakuvua koti.
"Zikate."
Kiasi gani?
"Mpaka pasiwe na pa kushika."

Nikakata.
Zilianguka nzito, za kahawia,
na chini yake mvi ninazozificha mimi kwa chupa.
Hakulia. Alijipapasa kisogo, akalipa,
akaacha leva mbili za chai kama kawaida.
Nilizifagia nywele. Kuzitupa sikuweza,
zimo kwenye mfuko wa karatasi, chini ya taulo.

Saluni hufungwa saa moja.
Siku hizi naketi mpaka saa nne,
taa inawaka, birika liko tayari,
komeo halijasukumwa.

Leo jioni aliyepita ni Ognyani.
Alisimama dirishani, akatabasamu, akanipungia mkono.
Nami, Mungu anisamehe,
nikampungia.