Mpira wa Kifuniko

Ndoo uliipata bure, Urmas, kwa muuza achari wa sokoni Tartu,
na tangu siku hiyo bia yetu
inanuka matango.

Uliisugua kwa magadi.
Ukaijaza siki, ukasema dawa ya moto ni moto;
ikanuka mara mbili.
Theluji ilipoyeyuka ukaianika, mdomo wazi, kwenye jua la Aprili,
jua lisilokausha hata soksi.
Ukaishindilia magazeti tumboni. Ukailaza ndani ya sauna usiku kucha.
Ukamlaumu muuzaji, ukailaumu plastiki:
“Haisahau kitu, kama mama yako,”
na hapo tukanuniana siku mbili.

Siku ya tatu niliketi jikoni, kifuniko pajani,
nikachokoa kwa ncha ya kisu
ule mpira mweusi, mwembamba kama mkufu,
uliojibanza ukingoni miezi yote hii
wakati ndoo ikiadhibiwa.
Nikaunusa.

Sikukuita.
Niliuweka kwenye sahani yako ya chajio,
kando ya kiazi,
nikaenda kumpigia mama simu.