Mboji ya Mererid

Mererid, leo nimelifukua lundo la mboji,
lile la nyuma ya banda, ulilolianzisha
mwaka ule mbwa alipofukua njegere zote.
Nilitaka udongo wa viazi tu.
Machi imeingia Bethesda na mvua yake ya ubavuni,
mlima wa machimbo umelowa hadi unang'aa.

Uma ulizama bila ubishi.
"Ipe ardhi miaka miwili, Idwal, itakurudishia,"
ulikuwa ukisema, na nimeipa minne.
Maganda ya mayai yamekuwa vumbi.
Maganda ya viazi, maua uliyoletewa hospitalini,
hata kofia yangu ya sufu niliyoililia wiki nzima
(ukaapa ni panya!) –
nimekuta kifungo chake tu,
nimecheka peke yangu mvuani kama mwehu.

Ila vifuko vya chai.

Vyeupe, vimekonda,
ndani hamna jani hata moja,
vimeng'ang'aniana kama watoto wanaovuka barabara.
Nilidhani ni utando wa buibui.
Nikakisuuza kimoja kwenye pipa la mvua,
nikakiinua kwenye mwanga:
pindo limesimama wima,
limefungwa bila uzi, bila sindano.

Kimoja alfajiri, kabla sijavaa soksi.
Kimoja ukisoma vifo gazetini.
Viwili Jumapili, tukitoka kanisani,
kwa kuwa mahubiri yalikukausha koo.
Nilianza kuvihesabu.
Nilipofika mia mbili na tisa nikaacha.

Lowri, binti wa Rhodri, anayesomea mambo ya maji,
aliwahi kunieleza pale ukutani:
ni plastiki hiyo, mzee, ndiyo inayoshika pindo,
na maji ya moto huimega, chembe kwa chembe,
ndogo kuliko macho.
Nikamjibu, tumekunywa miaka hamsini, nani kafa?
Halafu tukanyamaza wote wawili.

Sisemi chai ndiyo iliyokuchukua.
Daktari alitaja kitu kingine, kwa jina refu.
Kinachonikereketa si hicho.
Jani limeoza, kama lilivyopaswa.
Mdomo ulioliburudikia nao uko kilimani, chini ya jiwe la kijivu.
Gunia la jani ndilo linalodunda,
jipya, halina habari.

Basi nikateremka dukani kwa Nesta.
"Nipimie robo ya majani yasiyofungwa."
Akaniangalia juu ya miwani: "Una wageni?"
Nikasema hapana. Akapima hivyo hivyo,
akaongeza kidogo, na hakunitazama tena.

Nimelishusha buli la mama yako,
lile la kahawia tuliloligeuza nyumba ya vifungo.
Nimevimwaga vyote kwenye kopo la biskuti,
na kile cha kofia nikakitia humo, kimerudi kwa nduguze.
Vijiko vingapi, Mererid? Hukuniachia hesabu.
Nikatia vinne. Ikatoka chai
ya kusimamisha kijiko,
majani yakaninasa menoni, mengine kwenye sharubu,
chujio nimelikumbuka kikombe kikiwa tupu.

Lakini harufu. Jikoni pakawa na mtu.

Kifuko kilikuwa kipimo cha mtu mmoja.
Ulipoondoka kilinifaa: mtu, kamba, kikombe.
Buli halijui kupimia mtu mmoja.
Limebaki nusu, zito, likipoa chini ya kofia yake ya kufuma,
hadi nikafungua dirisha nikampigia kelele Lowri
aje kabla halijawa shubiri.
Akaja na viatu vya matope. Akanywa viwili.
Hakusema "nilikwambia".

Makapi nimeyamwaga kwenye mtaro wa viazi.

Vile vifuko vingine nimeviokota kimoja kimoja,
magoti yakilia, hadi ndoo ikajaa.
Gari la taka hupita Alhamisi.
Ndoo iko bado mlangoni,
na Alhamisi imepita mara mbili.