Kisima cha Tisa

Kusimamia: neno lenyewe lina kusimama ndani yake.
Nami nilisimama, Ibra, miezi mitano,
kofia ya plastiki kichwani, jedwali mkononi,
nikihesabu mifuko ya saruji, lita za dizeli,
saa za Rafiqul, saa za Biju,
saa za winchi tuliyoikodi Sinaw.
Falaji, mfereji wa kale unaopita chini ya ardhi,
ilikauka miaka kumi na mmoja.
Wakubwa walitaka maji kabla tende hazijaiva.
Kilichokwisha nilikipaka kijani,
kinachosuasua, njano.
Hadi kisima cha nane jedwali lote lilikuwa shamba la mpunga.

Cha tisa, dari ilimomonyoka.
Hakuumia mtu. Jiwe moja, ukubwa wa sanduku la tende,
liliketi pale pale alipokuwa ameketi Rafiqul
na kikombe chake cha chai.
Kesho yake hakushuka mtu.
Niliwasomea mkataba, kwa Kiarabu,
kisha kwa Kihindi changu cha dukani.
Walinisikiliza kwa adabu,
kama mtu asikilizavyo redio ya jirani.

Zuweina alifika saa nne, gari jeupe limekuwa la kahawia.
Mhandisi mkuu, mtu wa Mudhairib,
Kiswahili chake kina chumvi ya Pemba
aliyoirithi kwa bibi yake.
Nilimpa jedwali. Akalikunja, akalikalia;
ardhi ilikuwa ya moto.
Akamuuliza Rafiqul:
"Lilikuja na sauti gani?"

(Siku mia na arobaini
sikuwahi kumuuliza Rafiqul jambo lisilo na nambari.)

Mchanga kwanza, alisema, kama mtu anapepeta mchele.
Kisha kimya. Kisha jiwe.
"Basi leo hatufanyi kazi.
Kesho tunaingilia cha kumi, tunarudi kinyumenyume.
Mchanga ukisema, tunatoka,
hata kama mimi ndiye ninayesema kaeni."

Alishuka wa kwanza. Sikupenda.
Bima haikumruhusu, na nilimwambia hivyo.
"Andika," akasema.
Nikaandika.

Lakini sitajidharau.
Kamba iliyomshusha niliiagiza mimi,
mwezi wa pili, kutoka Maskati,
nikagombana na mhasibu juu ya bei yake,
nikaikagua kila Jumapili, pindo kwa pindo,
wakati wenzangu wakinicheka.
Winchi haikukwama kwa sababu ilikuwa na grisi,
na grisi ilikuwa na tarehe.
Yeye aliwapa sababu ya kushuka.
Kupanda kwao nilikuwa nimekwisha kukuandika.

Tulichelewa siku kumi na tisa.
Barua ya maelezo ina kurasa tatu, na mchanga haumo.
Maji yalifika usiku, bila hotuba,
machafu, yamebeba majani makavu
na kipande cha sigara ya Biju.
Rafiqul alichovya mkono, akaunusa,
akamtazama Zuweina.
Si mimi.
Nilikwenda kuzima jenereta.
Zilibaki lita sita.